Maoni ya Kusimuliwa

Kwenye chumba chetu cha kushonea sare, maoni ya tamthilia hutolewa asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kupiga kelele, na yana sheria moja tu: unasema ulichokiona mwenyewe. Kama ulisinzia, kama umeme ulikatika kwako, kama mtoto alikushika mpaka sehemu ikaisha, unakaa kimya unasikiliza wenzako. Maoni ya kusimuliwa hayapokelewi. Aliyeweka sheria hiyo ni Mkasi, mkata vitambaa wetu, ambaye jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi yake peke yake.

Tamthilia yenyewe ni ya kigeni. Watu wanazungumza lugha ambayo hakuna anayeijua pale kazini, na maneno ya Kiswahili yanapita chini ya kioo, mbiombio. Kuna mama mkwe mwenye mkufu wa lulu, tunamwita Bibi Lulu. Kuna mkwewe anayelia kuanzia salamu mpaka kwaheri, huyo tumempa jina la Kilio. Na kuna mume wa Kilio, ambaye amepanga nyumba ya pili mtaa wa nyuma na kumweka mwanamke ndani yake, na tulikuwa tukigombana kama Kilio anajua au hajui.

"Anajua," Mkasi alisema asubuhi hiyo. "Anajikausha tu kwa sababu ya ile nyumba yenye bustani."

"Hajui," akasema binti wa vifungo, ambaye amechumbiwa majuzi na kwa hiyo anamwamini kila mtu. "Mume mwenyewe hajabadilika. Anarudi saa zilezile, anakula, anacheka naye. Atajuaje?"

"Hapo ndipo pa kumshika. Anacheka mno."

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Maoni nilikuwa nayo, lakini hayakuwa ya Kilio, yalikuwa ya nyumbani kwangu.

Mume wangu ni dereva wa basi la shule wanayosoma pacha wetu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Baba Pacha. Kila jioni, chakula kikishaondolewa mezani, tunakaa kwenye kochi refu tunaangalia tamthilia, na kazi yake ni kugombana na kioo. Huwa anamshauri Kilio, anamsema Bibi Lulu, anamwita yule mume mjinga. Mimi namuuliza maoni yake, ananipa, nayabeba kazini na kuyachanganya na yangu. Ndoa yetu haina mambo makubwa. Ina hilo.

Siku chache kabla ya asubuhi hiyo alianza kucheka kabla ya kichekesho. Bibi Lulu alikuwa bado anapanda ngazi na viatu vyake virefu, yeye akacheka. Bibi alipoteleza kweli, mume wangu alikuwa ameshamaliza kucheka.

"Umeshaiona hii?" nikamuuliza.

"Nimeiona wapi? Mtu akivaa viatu vile lazima aanguke, nimebahatisha tu."

Nikamwamini. Lakini usiku wa kuamkia asubuhi hiyo, sehemu ilipoisha, akashusha pumzi na kusema, "Kilio leo kaniumiza. Pale alipovua pete akaidumbukiza kwenye chai ya mama mkwe."

Hapakuwa na pete. Hapakuwa na chai. Nilikuwa nimekaa pale pale, sikwenda hata jikoni. Nikasema, "Kweli, inauma," kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, na usingizi ukanipotea.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, badala ya kutoa maoni, niliuliza kama kuna aliyeona pete kwenye chai.

"Kwenye tivii wameikata," binti wa vifungo akasema. "Ipo kwenye ile nzima, inayowekwa kwenye flashi. Mchumba wangu aliiona kwa yule dada wa kibanda cha simu, jirani na geti la shule. Yule ameshaimaliza yote mpaka mwisho."

Mkasi akaweka kitambaa chini. "Wewe habari ya pete umeipata kwa nani?"

"Nimesikia tu njiani."

"Sawa. Mimi sipendi kusema mambo ya watu. Lakini basi la shule huwa naliona limeegeshwa pale jioni, watoto wote wakiwa wameshashuka. Nilidhani ananunua vocha."

Mkasi anapenda kusema mambo ya watu kuliko anavyopenda kula, lakini uongo hasemi. Cherehani zikaanza, nami nikashona mikono ya mashati kinyumenyume mpaka mchana, nikafumua, nikashona tena. Kichwani nilikuwa nakusanya ushahidi. Simu yake zamani ilikuwa inazagaa popote, siku hizi ujumbe ukiingia anaiweka mfukoni bila kuutazama. Kazi za jioni za kubeba watu wa harusi ameziacha, eti amechoka. Nilivaa gauni jipya, hakusema neno. Nikizungumza naye ananitazama usoni kama mtu anayetafuta jina langu. Kila kitu kilikaa mahali pake kama vipande vya shati, na shati lilikuwa la mwanamke mwingine.

Jioni niliwahi kutoka, nikamdanganya msimamizi kwamba nakwenda zahanati. Basi la njano lilikuwa limeegeshwa kando ya geti, tupu. Nikajibanza nyuma ya friji la soda la duka la jirani, mtu mzima mimi, mkoba kifuani.

Walikuwa nyuma ya kibanda, kwenye vigoda viwili. Yeye ameinama, kijidada kile kimesogeza mdomo karibu na sikio lake kwa sababu ya kelele za barabarani. Mume wangu alikuwa anatabasamu. Nikatega sikio.

"Halafu Kilio anasimama mlangoni," dada alikuwa akisema. "Amevaa nyeupe. Anamwambia mumewe, 'Funga mizigo yako kabla mvua haijanyesha.' Taratibu tu, bila kulia. Hapo usicheke, shemeji. Siku ile ulichekea wapi?"

"Nilichekea kwenye ngazi. Nikawahi kidogo."

"Si nilikuambia usubiri muziki ukatike? Sasa leo muziki ukikatika, wewe unashusha pumzi, unasema huyu mwanamke sasa ndio amezaliwa. Mkeo atakubaliana na wewe."

"Atakubali," mume wangu akasema. "Hilo ni neno lake kabisa."

Sikuelewa ni mapenzi ya aina gani hayo. Watu wanaopendana kwa siri hukaa wakamtaja mke na kumpangia cha kuambiwa? Nilitaka kutoka niwamwagie maji yote ya friji lile, lakini nikataka kwanza kusikia mwisho. Akaaga, akalirudisha basi ndani ya geti la shule, taratibu mno, kama mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa, na akaondoka kwa miguu. Nikaenda kwa dada.

"Karibu mama, nikuwekee nini?"

"Niwekee mume wangu."

Nilitegemea akane, au anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Akafuta mikono kwenye kanga yake na kunivutia kigoda.

"Wewe ndiye Mama Pacha. Afadhali umekuja, maana roho yangu haijatulia."

"Umemfanya nini?"

"Namsimulia tamthilia, basi. Alinijia akasema yale maandishi yanamchosha, nimwambie kinachotokea ili usimwone mjinga. Nikadhani hajui kusoma na anaona aibu. Watu wa hivyo wapo, simcheki mtu."

"Anasoma vizuri kuliko mimi."

"Ndiyo. Nimeshajua si hilo." Akapunguza sauti. "Juzi alifika hapa akasema, 'Dada, za leo?' Akakaa kabisa. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu ni kaka yangu, mama. Mwanamume mwenye ndevu. Tulicheka wote watatu, lakini alipoondoka kaka akaniuliza, yule si ndiye anayebeba watoto?"

Nikakaa kwenye kigoda, kile kile alichokuwa amekalia yeye. Ushahidi wangu wote ukaanza kugeuka mmoja mmoja. Simu haifichwi, haisomeki. Kazi za jioni ameziacha kwa sababu ya giza. Kioo cha pembeni cha basi, kile alichosema kimegongwa na mtu maegeshoni. Gauni langu jipya. Na pacha wangu, ambao hupenda kukaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya baba yao, wakiimba.

Nasema ukweli wangu: nilitamani jambo lenyewe liwe mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumshika. Ningepiga kelele, mtaa ungejaa, mashangazi wangeitwa, na kesho yake basi lingeondoka asubuhi na hakuna mtoto ambaye angepata hata mchubuko.

Lakini njiani kurudi nyumbani nilianza kumtilia shaka hata yule dada. Labda wamepanga, labda wamenipa uongo wa kuniliza ili nisiulize mengine. Nikishashika kitu mimi siachii kirahisi. Nikaamua nitamwona mume wangu kwa macho yangu, nisisimuliwe na mtu.

Tulikula. Pacha wakaenda kwenye vitabu vyao chumbani. Tamthilia ikaanza, na mimi sikuangalia kioo hata mara moja, niliangalia uso wake. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Kilio akasimama mlangoni amevaa nyeupe, akasema maneno yake, muziki ukakatika. Mume wangu akashusha pumzi.

"Huyu mwanamke," akasema, "sasa ndio amezaliwa."

Nikachukua simu yangu, pale pale ubavuni mwake, nikaandika bila hata kujificha. Herufi nikazifanya kubwa kadiri simu inavyoruhusu. Niliandika: Baba Pacha, najua huoni. Kesho usiendeshe basi.

"Hebu nitazamie hii," nikamwambia. "Wanasema nini?"

Akaipokea. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akapangusa kioo kwa kidole gumba. Akaigeuza kuelekea kwenye taa. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu, na bado nilikuwa naomba asome, anitukane, aniulize nimepata wapi wazimu huo.

Akacheka. "Si hawa watu wa mtandao na bahati nasibu zao. Futa."

Sikufuta. Nilinyoosha mkono nikazima tivii, na chumba kikawa na sauti ya pacha tu, wanabishana chumbani juu ya rula.

"Mbona umezima? Haijaisha."

"Hiyo nimeandika mimi, baba."

"Umeandika nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Hakukana. Aliiweka simu pajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

Akaeleza akiwa ameukabili ukuta. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekwenda hospitali ya macho bila kuniambia. Wanaweza kumpasua, lakini foleni ni ndefu, na shule ikijua itaweka dereva mwingine, na dereva mwingine akishakaa kwenye kiti hatoki.

"Sasa tamthilia ya nini?" nikamuuliza. "Si ungesema umeichoka, ukalala?"

"Ungenishtukia siku hiyo hiyo. Kila jioni unaniuliza maoni. Nikikosa maoni wewe unajua nina jambo."

Nilikasirika na nilimhurumia kwa pamoja, na sikujua lipi lianze kutoka mdomoni. Nilitaka kumpiga na mto, nilitaka kumshika kichwa. Mtu huyu alikwenda kuazima maneno kwa dada wa vocha ili mimi nisikae peke yangu kwenye kochi. Na mtu huyu huyu alishika usukani asubuhi ile, na jana, na juzi, nyuma yake kukiwa kumejaa watoto wa watu.

"Njia naijua, mama," akasema. "Naijua kila shimo. Naendesha polepole."

"Mashimo hayahami. Mtoto anayevuka je?"

"Nipe wiki hii tu. Wamalize mitihani."

"Sawa. Na pacha wiki hii wapande gari gani?"

Chumbani rula ilikuwa imepatikana, wanacheka. Aligeuza kichwa kuwasikiliza, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona hivyo. Sikumgusa, kwa sababu ningemgusa ningesema basi, wiki hii tu.

Akatoa simu yake mfukoni. Kidole kikazunguka kwenye kioo, kikabonyeza hapa, kikabonyeza pale, taa ya tochi ikawaka, akaizima. Nikaichukua mkononi mwake, nikamtafutia namba ya mwalimu mkuu, nikabonyeza, nikamwekea sikioni. Iliita mara nyingi. Nilikuwa bado naishikilia simu ile, na yeye ameushika mkono wangu juu yake.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa usumbufu wa jioni. Kesho tafuteni mtu mwingine wa kuendesha." Akasikiliza. "Hapana, mwalimu, basi ni zima. Ni macho yangu."