Nyuma ya Pazia la Mkeka

Kwetu visiwani Ha'apai, mwanamume hasikii habari za mwili wa dada yake, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu sawa na wa tumbo moja. Sheria hiyo ni njema, sioni kasoro ndani yake. Lakini muuguzi wa pekee kisiwani, mwanamume aitwaye Paula, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Fusi. Kwa hiyo Fusi alinyamaza tangu alipojifungua mwanawe wa mwisho, ingawa kizazi kilikuwa kikishuka, na mkojo ukimponyoka kila alipocheka.

Katika nyumba ya ususi, ambamo wanawake husuka mikeka ya majani ya mkadi bega kwa bega, kutocheka ni kosa.

"Mtazameni mke wa shemasi," alisema Toakase, mchekeshaji wetu, akimwonyesha Fusi. "Meno yake anayatunzia Jumapili!"

Fusi alibana mapaja, akasuka. Kazi aliyoipenda ni kuloweka majani baharini tu, kwa maana huko sketi zote zilikuwa mbichi.

Siku moja Toakase aliigiza nguruwe wa mchungaji alivyokimbizwa madhabahuni. Fusi akashindwa, akacheka, na mkeka wa arusi ya binti wa Toakase ukalowa chini yake. Akaangusha birika la maji papo hapo, kwa makusudi.

"We mama una mikono au makasia?" Toakase alifoka.

Fusi aliomba radhi, uso ukimwaka.

Wiki hiyo mkunga Kalolaine alifika kwa boti kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Wanawake walipanga foleni ukumbini mwa kanisa wapimwe presha. Fusi alikwenda kwa sababu ya upele wa tumboni. Nyuma ya pazia la mkeka, Kalolaine aliona michirizi mingi ya ngozi, kuanzia kitovuni hadi mapajani.

"Dada, wako wataalamu wanaofikiri kwamba ngozi iliyoachia hivi huenda ni ishara ya nyama za nyonga zilizolegea. Hawajakubaliana bado, nami sihukumu kwa ngozi. Nauliza tu: hakuna kitu kinachoshuka huko chini?"

Ng'ambo ya pazia, Paula alikuwa akipanga dawa.

"Hakuna," Fusi alisema.

Paula alikohoa, akatoka. Punde mashine ya kukata nyasi ilinguruma uani, ijapokuwa nyasi zilikuwa zimekatwa jana yake. Fusi alielewa heshima aliyopewa, machozi yakamlengalenga.

"Kipo," alinong'ona.

"Sikusikii, dada! Mashine hiyo!"

"Nasema kipo!"

"Nini?"

"Kizazi kinashuka, na mkojo unanitoka nikicheka!"

Mashine ilikuwa imezimika, mafuta yameisha. Maneno yake yalijaa ukumbi mzima. Dirishani Paula alionekana akienda zake pwani, shingo imeinama, bila kugeuka. Fusi alijifunika uso kwa blauzi, akatamani ardhi immeze.

"Umeshasema," Kalolaine alimwambia polepole. "Basi keti. Kuna mazoezi, na kuna pete ya mpira inayowekwa ndani kuzuia kisishuke. Nitakupima."

Alipotoka, Fusi hakuthubutu kuinua macho. Kisha Toakase, aliyekuwa mwisho kabisa wa foleni, alisema, mapaja ameyabana, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea:

"Jamani, nipisheni nitangulie. Presha yangu imepanda."

"Presha gani, Toakase?" alijibu wa mbele, ameng'ang'ania pazia. "Hata sisi tunayo hiyohiyo."

Hakuna aliyempisha.