Kufuli la Buruburu

Mulwa alipokuwa akichonga vinyago chini ya mabati Shauri Moyo, yeye na mkewe Mukai walikaa chumba kimoja Makadara, wakitenganishwa kwa ukuta tu na Muhiba, mke wa Saad mwenye duka. Wanawake hao walipika kwenye veranda moja. Mukai hakujaliwa mtoto, na Kibibi, binti wa Muhiba, alikulia mgongoni mwake, akimwita mama mdogo.

Kisha vinyago vikapata soko Ulaya. Mulwa akaacha kuchonga, akawa ananunua kazi za wenzake na kuzisafirisha. Mwaka wa 1981 wakahamia Buruburu, nyumba ya mawe yenye zulia, simu na televisheni.

Wezi walipovunja nyumba ya jirani, Mulwa aliweka vyuma kila dirisha, na mlangoni geti la chuma. Kila asubuhi alilifunga kwa nje, akaondoka na ufunguo.

"Na nikitaka kutoka?" Mukai alimwuliza.

"Utoke uende wapi? Kila kitu kimo humu."

Mwanzoni Muhiba alikuja kumtembelea. Alikaa kwenye ngazi, Mukai akakaa ndani, wakapitishiana vikombe vya chai kati ya vyuma. Siku moja askari wa mtaa alimwuliza Muhiba anatafuta nini pale. Hakurudi tena.

Mulwa alikuwa Mombasa, amemwachia mkewe chakula cha kutosha, Kibibi alipofika getini akihema.

"Mama mdogo, mama yuko mahututi. Anakutaja tangu jana."

Mukai alishika kufuli akalitikisa. "Ufunguo anao Mulwa."

"Kuna fundi hapo barabarani ana msumeno wa chuma. Nimwite alikate?"

Mukai akageuka kuitazama sebule. Geti likikatwa, nyumba itabaki wazi, na yeye atakuwa Makadara. Mawazoni alimwona Mulwa akirudi na kukuta zulia limekwenda, televisheni imekwenda.

"Mulwa anarudi kesho," alisema. "Mwambie mama nakuja kesho."

Kibibi alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mchana ule Mukai alipiga simu hoteli aliyofikia mumewe, akaambiwa ametoka. Alichukua nyundo jikoni akaligonga kufuli mpaka kiganja kikachubuka. Halikufunguka. Akapaza sauti akiita fundi, lakini aliyesikia alikuwa mbwa wa nyumba ya pili.

Mulwa alirudi kesho yake jioni. Waliendesha gari moja kwa moja hadi Makadara. Viti vilikuwa nje, wanaume wakimpa Saad pole. Muhiba alikuwa amefariki alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri.

Mukai aliingia kwa wanawake. Kibibi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Aliniuliza mbona hukuja," Kibibi alinong'ona. "Nikamwambia umesafiri na baba Mulwa. Akasema, Mungu amzidishie, kweli anafaidi."

Mukai alifunika uso kwa leso, na hakuna aliyemwona akilia.

Njiani kurudi alisema, "Ungeniachia ufunguo."

Mulwa aliendesha mpaka wakafika. Ndipo akasema, akiwa bado ameshika usukani, "Naogopa, Mukai. Pale Shauri Moyo nililala kwenye vumbi la mbao, mlango wazi. Hapa nikisikia jani linaanguka, naamka."

Asubuhi yake alimwekea ufunguo mezani, akaenda kazini.

Mukai alivaa, akafungua, akafunga nyuma yake. Aliwaza kwenda kukaa na Kibibi siku hizi za matanga. Alifika pembeni ya barabara, akawaona vijana watatu wamekaa juu ya ukuta wakitazama upande wa nyumba yake. Labda walikuwa wanapiga soga tu. Alisimama, akageuka kulitazama paa lake, kisha barabara ya Makadara, kisha paa tena.

Akarudi. Akaingia, akalifunga geti kwa ndani, akakaa kwenye zulia na viatu miguuni.