Kikohozi cha Mhojiwa wa Kumi na Saba

Kikohozi kilitangulia sauti. Mara mbili, kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango anaojua hautafunguliwa. Nikasimamisha kanda. Vipokea sauti masikioni, vidole juu ya kibodi, chai inapoa pembeni, na kikohozi kile nakijua. Nililala nacho chumba kimoja tangu utotoni.

Kwenye lebo ya kanda paliandikwa: Mhojiwa 17.

Mhojiwa 17 alikuwa mdogo wangu.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza kanda za utafiti na kuziandika neno kwa neno. Shule niliishia darasa la saba. Kuchapa nilijifundisha mwenyewe kwenye mashine mbovu ya ofisi ya ushirika, kwa hiyo nilipopata kiti kwenye mradi ule wa haki za wanawake nilijiona nimeula. Siku ya kwanza nilitia saini karatasi: utakachosikia humu hakitoki humu. Bosi tulimwita Daktari, wa vitabu, si wa sindano. Naye alikuwa na sheria yake: "Vikohozi, vilio, vigugumizi, toa vyote. Tunataka data, hatutaki kelele."

Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka nchi za watu miaka miwili kabla, na begi moja na mkono usionyooka vizuri. Nyumbani alisema neno moja tu: nimechoka. Hatukumuuliza zaidi. Tulijiona wastaarabu kwa kutouliza.

Sasa alikuwa anamweleza mgeni mwenye kinasa sauti. Aliambiwa kazi ni kulea mtoto mmoja. Alikuta nyumba tatu za ndugu, zote azioshe yeye, pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini, na ufunguo wa chumba alicholala anao baba mwenye nyumba. Hapo akanyamaza. Nikaandika kama tulivyofundishwa: kimya. Kwenye kanda kimya kile kilikuwa dakika nne nzima. Kwenye ukurasa, neno moja.

"Nani alikupeleka?" mhoji akauliza.

Akakohoa, mara mbili. "Mama yangu mdogo. Yule aliyemfuata mama kuzaliwa."

Mama mdogo! Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyekuja kwetu kila Jumapili, akakalia kiti cha marehemu mama, akala, akashiba, akatucheka: "Nyie mabinti wa dada yangu mtazeekea humu humu, kama masufuria yaliyotoboka."

Nikaandika "mama yangu mdogo," herufi kwa herufi. Kesho yake Daktari akanirudishia ukurasa. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita, na juu yake pameandikwa: wakala.

"Hakusema wakala," nikamwambia.

"Fomu ina wakala, mwajiri, na mtu asiyejulikana. Ndugu hayumo."

"Lakini aliyempeleka ni ndugu."

"Tukianza kuongeza visanduku leo, tutamaliza lini?" Hakuinua hata macho. "Dada, wewe ni mchapaji. Chapa."

Nikachapa. Hilo nalisema kwanza, kabla mtu hajanisemea.

Ripoti ilitoka na jalada linalong'aa. Ninayo hadi leo, miaka kumi na tisa baadaye. Ukurasa wa arobaini na mbili: mhojiwa alisafirishwa na wakala. Kila nikialikwa kusimulia kwenye kumbi za watu wa miradi kama ule, zile za maji ya chupa na kadi za majina shingoni, nawasomea mstari huo, halafu nawaambia wakala huyo alinibeba mgongoni nilipougua surua. Wanainamisha vichwa na kuandika. Wanaandika nini, sijui. Visanduku bado ni vile vile.

Lakini hasira yangu haiishii kwao. Baada ya kuisikia kanda ile, Jumapili tatu nilikaa meza moja na mama mdogo nikampakulia chakula. Nilijiambia ile karatasi niliyotia saini imenifunga mdomo. Uongo mtupu. Niliogopa kukipoteza kiti.

Jumapili ya nne akaja na bahasha. Ndani yake, pasi mpya ya kusafiria, na kwenye picha binti wa kaka yetu, tuliyemwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka haraka.

"Anaondoka Alhamisi," mama mdogo akasema. "Kulea mtoto mmoja tu. Kwa watu wastaarabu."

Kaka akashukuru. Kiberiti akacheka, meno yote nje. "Shangazi, nikuletee nini?"

"Haendi," nikasema.

"Ehe! Wivu huo," mama mdogo akadakia. "Wewe unashinda unachapa maneno ya wenzio, mtoto akipata chake roho inakuuma."

"Nimesema haendi."

"Basi toa sababu," kaka akasema. "Hatuvunji safari ya mtoto kwa sababu umenuna."

Sababu nilikuwa nayo, na koma zake zote. Ila haikuwa yangu. Nikamtazama mdogo wangu, aliyekuwa anakausha sahani karibu na dirisha. Akanitazama. Nikaona inavyomfikia, taratibu, kama maji yanayopanda ukutani: kwamba nilikuwa nimesikiliza, kwamba tangu hapo nilikuwa nimemwacha amnawishe mikono mwanamke huyu kila Jumapili, nami nikijua.

"Dada," akasema, "yule mgeni nilimwambia kwa sababu si ndugu."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Kaka alikunja uso. Mama mdogo akaguna, akanyoosha mkono kuichukua pasi pale mezani.

Mdogo wangu akaiwahi. Aliweka sahani chini, akaifunika pasi kwa kiganja cha ule mkono usionyooka. Kisha akakohoa, mara mbili, kikavu.

Kaka akadhani amepaliwa, akamsogezea maji. Mimi nilikuwa najua kinachofuata. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasikiliza.