Kombe la Mbalamwezi

Watu wa Uvira hawakupanga mechi zao kwa kalenda ya ukutani. Walizipanga kwa mwezi. Giza linapokuwa nene ziwani, ndagala, wale dagaa wa ziwa, hufuata taa za karabai, na kila kijana mwenye nguvu hukesha mtumbwini, akarudi alfajiri na macho mekundu. Lakini mwezi ukishakua, samaki hawadanganyiki tena na taa. Nyavu huanikwa mchangani, wavuvi hukosa kazi, miguu yao huanza kuwawasha. Hizo ndizo siku za mpira. Kombe lenyewe lilikuwa la bati, limefuliwa na fundi mmoja wa Kalundu, na mdomo wake ulipinda upande mmoja. Waliolicheka ni wale tu waliokuwa wamelikosa.

Mwaka wa nne wa uhuru, mwezi mpevu uliangukia Jumapili, na jambo hilo lilimnyima Léopold usingizi wiki nzima. Yeye alikuwa fundi wa mitumbwi. Wenzake walipopumzika, ndipo kazi yake ilipopamba moto, maana kila mwenye mtumbwi alitaka ukalafatiwe, nyufa zizibwe, kabla giza halijarudi. Mungu alimpa kazi moja na mapenzi mawili, kisha akavipanga vyote siku zilezile. Penzi la kwanza lilikuwa Etoile, timu ya Kalundu, nyumbani. La pili lilikuwa Flèche, timu ya Buyenzi, ng'ambo ya ziwa kule Bujumbura. Aliiona Flèche mara moja tu, alipovuka kununua misumari, akarudi bila misumari.

Jumamosi hiyo Flèche walikuwa wacheze Bujumbura, na redio ingetangaza. Jumapili Etoile wangekutana na timu ya Mulongwe katika fainali. Timu ya Kamanyola nayo ilikuwa ishiriki kombe hilo, lakini ilituma neno kwamba hakuna dereva anayekubali kushuka bonde la Ruzizi. Upande wa Lubarika, huko bondeni, moshi ulionekana. Wengine walisema ni wa nyasi, wengine wa nyumba. Askari waliweka vizuizi barabarani. Vijana walikuwa wakipanda milima ya Rurambo na kurudi wakiwa watu wengine. Bandarini mambo hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, halafu mtu akauliza habari za mpira, na sauti zikapanda tena.

Asubuhi ya Jumamosi Léopold alikuwa amechuchumaa chini ya mtumbwi wa Mama Bernardine, akishindilia pamba yenye lami katika nyufa za mbao. Mama Bernardine alikuwa na mitumbwi mitatu na ulimi unaotosha kumi. Alisimama juu yake, kanga kiunoni.

"Fundi, weye unaziba matundu ama unayahesabu?"

"Naziba, mama."

"Tangu nifike umetazama kule kwenye uwanja mara ngapi? Mutumbwi yangu ikizama, nitakuweka weye kwenye tundu."

"Nitaingia, mama. Ila iwe Jumatatu. Kesho niko na fainali."

Mama Bernardine akacheka bila kutaka. Wakati huohuo Placide alipita akitoka upande wa mto. Placide alikuwa mtoto wa Célestine, dada yake Léopold, kijana wa miaka ishirini, winga wa kushoto wa Etoile. Baba yake alichukuliwa na ziwa Placide angali mdogo, na siku ya matanga Célestine alimshika kaka yake mkono mbele ya watu, akamwambia: tangu leo wewe ndiwe baba yake. Léopold alimfundisha kushika randa, na alimfundisha kupiga krosi. Kwenye randa Placide hakuendelea.

Léopold alifuta lami kwenye suruali, akanyoosha mkono. Placide alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono mgongoni.

"Unisamehe, mujomba. Siku hizi sigusi mukono ya muntu."

Mtu mwingine angekasirika. Léopold alijaa furaha mpaka masikioni. Kila mtu aliyefuata mpira pwani ile alijua maana yake. Kabla ya mechi kubwa, timu huitiwa mganga. Wachezaji huoshwa kwa maji, nao hupewa miiko: wasishike mkono wa mtu, wasile chakula kilichopikwa na mwanamke, wasilale nyumbani. Ukimgusa mchezaji, dawa inakufa, na mguu wake unakuwa wa mtu yeyote tu. Mulongwe walifanya hivyo mwaka uliopita wakachukua kombe. Etoile walikuwa wakijifanya hawana habari na mambo hayo, kwa heshima ya padri.

"Sawa, sawa," alisema Léopold kwa kunong'ona, akakonyeza jicho. "Hakuna muntu atakugusa. Nenda."

Placide alimtazama kama mtu aliyejiandaa kubeba gogo, akakuta ni unyasi. Kisha akaenda zake.

"Na huyo naye iko na nini?" aliuliza Mama Bernardine.

"Iko na goli mbili za kesho," alisema Léopold.

Jua lilipofika juu, Célestine naye alikuja, ungo wa mihogo kichwani, akakaa juu ya gogo bila kuushusha.

"Yaya," alisema, kwa jina wanalomwitia kaka mkubwa, "mutoto wako hali tena chakula kwangu. Anachoma mihogo yake peke yake inje. Jana mvua imenyesha, iko anasimama palepale, anasema kujikinga ni mwiko. Usiku hakulala nyumbani."

"Mama Placide, ni mambo ya mupira. Wamewaosha. Muntu hasemi sana juu ya vitu kama hivyo."

"Mupira gani unakataza mutoto kula kwa mama yake?"

"Mupira wa fainali. Kesho jioni atakula sufuria muzima na mufuniko wake." Alipoona dada yake hajacheka, aliweka nyundo chini, akajigonga kifuani. "Sikia. Kama kuna jambo, uniulize minye. Si mutoto uliniachia minye?"

Célestine aliinuka. "Nitakuuliza," akasema, akaondoka na ungo wake.

Alasiri Léopold aliuacha mtumbwi nusu, akaenda kwa Herménégilde. Huyu alikuwa mshonaji, mzaliwa wa bondeni karibu na Lubarika, na redio yake ilikaa juu ya meza ya kukatia nguo kama mgeni wa heshima. Mtangazaji wa Bujumbura alisema Kirundi, upesi upesi, na Herménégilde alitafsiri polepole huku akishona kola. Hapo ndipo Léopold alipoteseka.

"Anasema nini?"

"Ngoja, amalize."

"Akimaliza mupira utakuwa umekwisha."

"Anasema mupira uko kwa Flèche." Akakata uzi kwa meno. "Ulikuwa kwa Flèche. Sasa hauko tena."

Flèche walipata bao mapema, na Léopold alizunguka meza mara mbili, akapiga kiti teke. Wenzao wakasawazisha. Kisha sauti ya mtangazaji ikakatika, muziki wa taratibu ukaingia, na sauti nyingine, nzito, ikaanza kusoma. Herménégilde aliacha kushona.

"Ni mupira?"

"Hapana. Wanatangaza mambo ya mupaka. Wanasema kuna vita ku bonde, watu wasivuke Ruzizi."

"Na mechi?"

Herménégilde alipunguza sauti ya redio. Hakuwa mtu wa kulaumu. "Shemeji yangu Nshimirimana amefika jana na miguu. Amepitia kwetu Lubarika. Anasema waasi wanapandisha vijana ku mulima, waganga wanawaosha na maji, wanawambia risasi itageuka maji. Wakishuka hawashiki mukono ya muntu. Mutoto wa dada yake amekataa chakula ya mama yake."

"Kila mahali kuna waganga," alisema Léopold. Alikuwa amesikia, lakini alilipitisha neno lile haraka, kama mtu anayekanyaga kaa la moto akitumaini kwamba halikumgusa. Alikaa mpaka betri ikachoka. Matokeo ya Flèche hayakutangazwa. Njiani kurudi alijiambia kwamba kinachomsumbua ni matokeo hayo.

Usiku aligeuka huku na huku. Alilihesabu bao la Flèche, akawapanga Etoile kichwani, golikipa, mabeki, viungo, na kila alipofika winga ya kushoto alianza tena kutoka kwa golikipa.

Jumapili, baada ya misa, hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, mahali wachezaji walipokuwa wakivaa nyuma ya ghala la pamba. Nahodha wao, Sylvestre, mvuvi mwenye mabega kama mlango, alimjia mkono mbele.

"Fundi wetu, jambo."

Akaushika mkono wa Léopold kwa mikono yote miwili, akautikisa. Léopold aliangalia mkono wake umo ndani ya mikono ile.

"Unanishika?"

"Nisikushike, uko na ukoma?"

"Miiko je? Dawa?"

Wachezaji wakacheka. "Dawa gani? Tumekunywa chai kwa Mama Sidonie, na sukari yake. Padri ametubariki. Mwenye aliharibu ni Placide. Hajafika. Viatu vyake ndiyo hivi hapa."

Maneno ya Herménégilde yalimrudia Léopold: wanaoshwa, wakishuka hawashiki mkono wa mtu. Mtu akikalafati mtumbwi na kusahau ufa mmoja, ziwa halihitaji mwingine. Alikuwa ameuona ufa huo kwa macho yake, akausifu. Kisha, na hili ndilo lililomchoma zaidi, alimtuliza mama mtu.

Watu walikuwa wakija kwa vikundi, ngoma za Mulongwe zikisikika kutoka upande wa kaskazini. Yeye alikwenda kinyume chao. "Fundi, uwanja iko nyuma," walimwambia. "Fundi ameshakimbia mabao." Alifika mto Kalimabenge, alikotokea Placide jana yake, akaufuata kwa juu kuelekea mlimani, mahali wafuaji nguo huanika. Siku hiyo hapakuwa na nguo hata moja juu ya mawe.

Filimbi ya kuanza mchezo ilimfikia akiwa njiani. Kichwa chake kiligeuka chenyewe. Alikirudisha mbele, akaongeza mwendo.

Aliwakuta penye mwamba, vijana kama kumi hivi, wamekaa mbalimbali ili wasigusane. Wengine aliwajua, mmoja alikuwa amemtengenezea kasia. Kiongozi wao, kijana mgeni mwenye taji la majani, aliinuka na mkuki.

"Baba, simama hapo. Hawa si wa kuguswa."

"Nimekuja kuongea na mutoto wangu."

"Ongea. Kwa mbali."

Placide alisimama. Bila viatu vya mpira alionekana mrefu zaidi.

"Mujomba, nilidhani jana umejua. Umenikonyeza. Nikasema, kumbe mujomba anakubali."

"Nilidhani ni mechi."

Mmoja wa vijana alicheka, akanyamaza. Placide hakucheka.

"Miaka ine ya uhuru," alisema. "Wakubwa wamerithi nyumba za Wazungu, hata na mbwa zao. Minye nimemaliza masomo ya primaire, navuta nyavu za Mama Bernardine. Ku kizuizi askari ananipiga kofi juu ya kumutazama tu. Uniambie nirudi nifanye nini. Nipige krosi?"

Léopold aliyajua makofi ya kizuizini, aliwajua wenye nyumba zile, na hakuona mahali kijana alipodanganya. Angesema kwamba risasi haigeuki maji, lakini yeye mwenyewe mwaka uliopita aliapa kwamba mpira wa Mulongwe uligeuzwa na dawa ukaingia wavuni peke yake. Aliiamini dawa siku zote. Mtu wa namna hiyo atamfundisha nani?

Ila miiko aliijua. Tangu ujana aliifuata kama wengine wanavyofuata katekisimu.

"Mama yako ataniuliza," alisema, akawa anasogea. "Nimemwambia aniulize minye."

"Baba," alisema mwenye mkuki.

Léopold alimrukia mpwa wake. Alimkumbatia kwa nguvu zote, mikono yake yenye lami ikamzunguka mgongoni, shavu kwa shavu, mpaka wote wawili wakaanguka mchangani. Placide alijitupa huku na huku. Ncha ya mkuki ilimgusa Léopold begani, na yeye akafumba macho, hakuachia.

Mkuki ukaondoka. Aliposikia sauti za miguu alifumbua macho. Vijana walikuwa wamerudi nyuma, wakiwatazama kama watu wanaotazama moto. Uso wa kiongozi ulijaa hasira, lakini sheria ilikuwa juu yake pia.

"Huyu dawa yake imekufa," alisema. "Hawezi kupanda na wengine, atawaua. Akitaka, atarudi aoshwe upya." Akamtemea Léopold mate, mbali kidogo na mguu wake. Wakaondoka kwa mstari kuelekea juu, hakuna aliyegeuka.

Walishuka pamoja. Karibu na ghala la pamba Placide alisema, "Umeniaibisha mbele ya wenzangu."

"Ndiyo."

"Mwezi ukiisha, nitapanda."

"Nimesikia."

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Sylvestre aliwaona mpira ulipotoka nje, akaviinua viatu vya Placide vilivyokuwa pembeni, akapunga. Placide alitikisa kichwa, akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, nyuma ya watu. Kupitia mwanya kati ya migongo yao aliweza kuuona uwanja, na juu yake mlima. Léopold naye akakaa, lakini si pembeni yake. Alikaa mbele yake, mgongo ukiuelekea mchezo, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuchunga mpira na kijana kwa wakati mmoja.

Tangu azaliwe hakuwahi kukaa hivyo. Kelele zilipanda nyuma yake, zikashuka, zikapanda tena. Shingo ilimuuma kwa kutaka kugeuka. Hakujua hata nani anaongoza. Alichokuwa nacho ni macho ya Placide tu. Yalikuwa juu, kwenye njia ya mlimani, na yalikaa huko muda mrefu. Kisha watu wakaguna kwa pamoja, na macho yale yakashuka kidogo, yakakimbia kutoka kulia kwenda kushoto, yakasimama.

"Nani iko na mupira?" aliuliza Léopold.

Macho ya Placide yalipanda tena mlimani, yakarudi.

"Mulongwe," alisema.