Picha ya Kumeza Treni

Bi Ruan Cuizhen aliwaaga majirani zake wa Zigui kwa kuwaambia kwamba anakwenda kutembea Chongqing na chama cha wastaafu. Haukuwa uongo mtupu. Wastaafu walikuwepo kweli, ila walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe, aliyepika jikoni mwa shule ya msingi mpaka mgongo ukamgomea, na Mzee Pang Shoutian, mtengeneza tofu wa mtaa wa pili. Mzee Pang alikuwa amefiwa na mkewe, kama Bi Cuizhen alivyofiwa na mumewe.

Walizoeana uwanjani, pale wanawake wa mtaa wanapokusanyika jioni kucheza dansi. Mzee Pang hajui kucheza hata kidogo. Alikuwa anakuja kubeba spika na kukaa pembeni, na muziki ukikata anakuwa wa kwanza kuinuka kuhangaika na nyaya. Jioni moja, wenzao walipokuwa wameshatawanyika, alimuuliza Bi Cuizhen swali ambalo alikuwa nalo moyoni kwa muda mrefu.

"Bi Cuizhen, ungepata nafasi ya kutembea, ungependa ukaone nini?"

Bi Cuizhen alikung'uta vumbi kwenye kiatu, mara mbili, hata Mzee Pang akadhani amemkosea. Kumbe alikuwa anatafuta jibu. Maisha yake yote watu walimuuliza leo tunakula nini, shati langu liko wapi, utakuja lini kumshika mtoto. Hilo la kupenda kuona kitu, hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Ile treni inayopita ndani ya ghorofa," alisema mwishowe, na uso ukamwaka moto kama msichana. "Huwa naiangalia kwenye simu."

"Basi twende tukaione," alisema Mzee Pang, akanyanyua spika yake.

Shida ilikuwa moja. Treni hiyo iko Chongqing, na Chongqing ndiko anakoishi Lanting, binti yake Bi Cuizhen. Kila alipotaka kumpigia simu kumwambia, maneno yalimkwama. Angeanzia wapi? Na yule mzee angemwita nani? Akaahirisha leo, akaahirisha kesho, mpaka akajikuta ameketi kwenye treni ya mwendo kasi, mkoba mapajani, Mzee Pang akimmenyea chungwa.

Walipanga vyumba viwili hotelini, na Bi Cuizhen alihakikisha haviko hata kwenye ghorofa moja.

Asubuhi wakaenda Liziba, penye ile ghorofa ya treni. Chini ya lile jengo palikuwa na umati, watu wa kila mkoa, wote wamegeuza shingo juu kungoja treni itokeze relini kwake huko hewani na kuzama katikati ya nyumba za watu. Lakini siku hizi kuitazama tu hakutoshi. Ni lazima usimame kwa pembeni, upanue mdomo, na mwenzako apige picha treni inapoingia, ionekane kama unaimeza. Watu wazima na heshima zao walikuwa wamejipanga wakiachama kama makinda.

"Siwezi upuuzi huo," alisema Bi Cuizhen.

"Umetoka Zigui kuja kuuona upuuzi huo huo," alisema Mzee Pang. "Simama hapo. Sogea kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu! Haya, inakuja, fungua mdomo."

Bi Cuizhen akafungua.

"Fungua zaidi! Hapo unameza baiskeli."

"Nikifungua zaidi meno ya bandia yatadondoka!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Na yeye akacheka, na kwa kucheka mdomo ukapanuka vizuri, treni ikaingia. Karibu yao alikuwepo msichana mmoja aliyevaa kofia ya manjano, anayetafuta wafuasi mtandaoni kwa kuwarekodi watalii. Aliwageuzia simu yake.

"Bibi, babu, mna muda gani kwenye ndoa?"

"Ndoa ipi?" alijibu Mzee Pang. "Mimi bado niko kwenye usaili."

"Usaili?"

"Ndiyo. Nabeba mkoba, napiga picha, nanunua maji. Jioni nitaambiwa kama nimepita."

"Na bibi unasemaje? Anaelekea kupita?"

"Picha zake zote zina kidole," alisema Bi Cuizhen, akajifunika uso kwa kofia.

Umati ulishangilia. Wakaagana na yule msichana, wakajiendea zao, na Bi Cuizhen hakulifikiria tena jambo lile. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Walipanda na kushuka ngazi, wakapumzika, wakapanda tena, na saa za mchana zikawakuta kwenye mgahawa mdogo mbele ya sufuria ya mchuzi wa pilipili unaotokota, Mzee Pang akitokwa machozi na kuapa kwamba si pilipili, ni furaha.

Simu ikalia. Lanting.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo. Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Mama, mwenzangu wa kazini amenionyesha video. Ofisi nzima wanaicheka tangu asubuhi. Bibi mmoja anameza treni, kavaa sweta la zambarau. Lile sweta nililinunua mimi."

Bi Cuizhen aliweka vijiti chini.

"Mwanangu, nilikuwa nataka kukupigia..."

"Lini? Ukisharudi Zigui?" Sauti ya Lanting ilipanda. "Mwaka mpya nilikuita, ukasema magoti. Mjukuu wako Tangtang alipoanza chekechea nilikuita, ukasema Chongqing ni ngazi tupu, magoti hayawezi. Mama, kutoka hapo Liziba mpaka kwangu unabadilisha treni mara moja tu!"

"Magoti yanauma kweli."

"Yanauma ukija kwangu tu?"

Mvuke wa sufuria ulimpanda Bi Cuizhen usoni, akashukuru kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

"Mkitoka hapo mnakwenda wapi?" aliuliza Lanting.

"Kwenye gari la waya, la kuvuka mto."

"Nisubirini huko." Simu ikakatwa.

Mzee Pang alikuwa amesikia yote, maana Lanting alikuwa anapaza sauti. Alifuta mdomo taratibu. "Mimi naweza kurudi hotelini," alisema. "Yaongeeni wawili. Ama nijifiche chooni mpaka aondoke. Mimi mwembamba, sichukui nafasi."

"Kaa," alisema Bi Cuizhen. "Ukijificha leo, utajificha mpaka lini?"

Foleni ya gari la waya ilikuwa imezunguka jengo zima. Walisogea polepole kama mchele unaomwagwa kwenye gunia jembamba. Nyuma yao alisimama mama mmoja mnene kutoka Shandong, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye mfuko wa nailoni, na alikuwa ameshawasimulia habari za wakwe zake wote. Lanting akaja akikatiza watu na kuomba radhi, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa amekonda. Hilo ndilo Bi Cuizhen aliloliona kwanza.

"Shikamoo," Lanting alimwambia Mzee Pang, kwa sababu alilelewa vizuri, lakini macho yake hayakufika kwake.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Pang, akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mama wa Shandong.

"Mama, nisikilize. Sina ugomvi na mzee huyu. Ukitaka kuolewa, olewa, baba amekufa zamani na mimi si mtoto. Kinachoniuma ni kwamba umeingia mjini kwangu kama mwizi. Watu wasiokujua wamejua uko hapa kabla yangu. Nimekukosea nini?"

Foleni ilisogea, wakasogea nayo. Mama wa Shandong aliacha kutafuna.

Bi Cuizhen alikuwa na maneno mengi ya kumtuliza, yale yale ya siku zote: hapana mwanangu, nisamehe, mimi ni mzee nasahau. Yalikuwa yamefika ulimini. Akayameza.

"Lanting, nikija kwako huwa naona nini?"

"Unamaanisha nini?"

"Nilikaa kwako tangu Tangtang azaliwe mpaka alipoanza kutambaa. Niliona soko. Niliona zahanati. Mto huu niliuona kwenye dirisha la jikoni, nikichuchumia kwa vidole, vyombo vikiwa vimeloweka. Usiku mmoja mliniambia taa za mjini zinapendeza, mkaenda mimi nikabaki na mtoto."

"Mama, ulisema mwenyewe nendeni..."

"Nilisema. Na nilitaka mwende, mlikuwa mmechoka. Silalamiki, mwanangu, nilipika na kufua kwa mapenzi, na ningerudia." Alishika mkono wa binti yake, mkono wa baridi. "Ningekuambia nakuja, ungenipeleka kokote. Nakujua. Ungeomba ruhusa, ungekuwa unaangalia simu kila dakika kwa hofu ya bosi, na mimi ningekuonea huruma. Ningesema turudi nyumbani, nikupikie. Hapo safari imekwisha. Mara moja tu nilitaka kuja Chongqing kama mgeni. Nishangae, nipotee njia, nichoke, mtu aniulize nataka kwenda wapi. Nimekosea kukuficha. Lakini kutaka sikukosea."

Lanting alionekana kama mtu aliyekuja kudai kitu kwenye duka, akakuta wamehama. Alitazama juu, kule gari la waya lilikotokeza na kuanza kuelea juu ya mto, jekundu, limesheheni watu.

"Mimi mwenyewe sijawahi kulipanda," alisema hatimaye.

"Hujawahi? Na miaka yote hii?"

"Nani ana muda, mama? Kila asubuhi naliona huko juu nikivuka daraja. Huwa nasema, wale watu hawana kazi?"

"Basi leo acha kazi na wewe, binti," alidakia mama wa Shandong, ambaye hakuweza kuvumilia tena. "Umeshafika mbele, wengine tumesimama tangu mchana kuipata nafasi hiyo."

Lanting akacheka bila kutaka, machozi na kamasi vikatoka pamoja, na Mzee Pang, aliyekuwa amejikausha kama nguzo muda wote huo, akatoa karatasi laini mfukoni na kumnyooshea. Lanting alisita kidogo, kisha akaipokea.

Ndani walibanwa. Mama na binti walisukumwa mpaka dirishani, na mara sakafu ikaachana na ardhi, paa za nyumba zikapita chini ya miguu yao, nguo za watu zimeanikwa, paka amelala kwenye bati, halafu maji, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, meli ya mizigo ikipanda polepole. Bi Cuizhen alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Lile pale ni jengo letu," alisema Lanting. "Unaliona? La pili kutoka lile lenye saa."

"Ni dogo hivyo?"

"Kwa huku ni dogo."

"Na sisi tunavyohangaika mle ndani," alisema Bi Cuizhen, na wote wawili wakaendelea kulitazama.

Lanting aligeuka. Mzee Pang alikuwa amekwama katikati ya vijana warefu, kichwa chake kinaonekana kidogo tu, analitabasamia begi la mtu. Lanting akapenyeza mkono akamshika mkono wa koti. "Mzee, sogea huku. Hapo utauona mgongo wa mtu mpaka ng'ambo."

Walipofika ng'ambo alipiga simu ofisini, akasema homa imemshika, na sauti yake ilikuwa imeziba kwa kilio hata wakamwamini. Wakakaa kula vitafunio vya baridi vya siki na pilipili, na hapo ndipo usaili wa kweli ulipoanza. Alimuuliza Mzee Pang kuhusu watoto wake, presha yake, kama anavuta sigara, kama anajua kuosha vyombo.

"Na unakoroma?"

"Marehemu mke wangu alisema nakoroma. Mimi binafsi sijawahi kujisikia."

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka siku hiyo. Jioni ile ile kaka yake Lanting alipiga simu kutoka Wuhan, akafoka kwamba mama amewadhalilisha mbele ya nchi nzima, na Lanting ndiye aliyeichukua simu na kwenda kubishana naye pembeni, karibu na ukuta, mkono kiunoni. Kaka huyo alikaa muda mrefu bila kuzungumza na mama yake, na hata alipoanza tena hakutamka jina la Mzee Pang. Bi Cuizhen alilia kwa ajili hiyo, zaidi ya mara moja. Lakini hakumwacha mzee wake.

Jioni ya siku ile walisindikizana mpaka mlango wa stesheni ya treni za mjini, taa za ng'ambo zimeanza kuwaka ghorofa juu ya ghorofa. Lanting hakuondoka.

"Kesho mnakwenda wapi?"

"Ciqikou, kwenye mitaa ya kale," alisema Mzee Pang. "Tunatoka saa tatu."

"Saa tatu ni kuchelewa, mtakanyagana. Nendeni saa moja." Alichezea kitambulisho chake. "Kesho ni Jumamosi. Siendi kazini. Nikija na Tangtang, nitawasumbua?"

Bi Cuizhen alimtazama Mzee Pang. Mzee Pang akajifanya anasoma ramani ya treni ukutani, pua imekaribia kuugusa ukuta.

"Mlete," alisema Bi Cuizhen. "Lakini utambeba wewe."