Alhamisi za Mume Wangu

Shaka yangu ilianza na taulo. Lilikuwa lile la kijani tunalofutia sakafu bomba likivuja, na jioni hiyo nilipotoka kazini nililikuta limeanikwa kwenye kiti cha roshani, upande ambao mtu aliyekaa sebuleni hauoni. Nililishika, lilikuwa bado bichi. Nikalinusa. Halikuwa na harufu ya sabuni yetu wala ya jasho la mume wangu, ambalo nimelifua miaka kumi na tisa. Lilinukia majani na matope.

Nikaliacha kama nilivyolikuta, nikaingia jikoni kumenya vitunguu.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mwisho wa wiki alikuwa zamu, akiitwa huku na kule kuwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa, kwa hiyo siku yake ya kupumzika ilikuwa Alhamisi. Mimi Alhamisi niko hospitali, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kushonea, natia viraka mashuka na kurudishia kamba za magauni ya wagonjwa. Alhamisi hiyo nilimuuliza ameshindaje, akasema amelala kutwa.

"Mgongo, mke wangu," akasema, akajinyoosha ili niuone huo mgongo. "Nimelala kama gogo."

Gogo gani linaanika taulo, nikawaza, lakini nikampakulia chakula.

Tulikuwa tumehamia nchi hii kwa miaka mitano. Hivyo ndivyo tulivyoagana sebuleni kwa mama mkwe, mabegi yakiwa mlangoni: miaka mitano, kisha tunarudi kwenye nyumba ambayo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, angetusimamia kuijenga. Mitano ikapita, ikawa saba, nyumba ikawa imefika kwenye madirisha. Hatukuwa na mtoto wa kutuvuruga wala ndugu wa kutupigia hodi, na maongezi yetu ya kila jioni yalikuwa kuisema nchi hii. Tulisema mvua yake isiyojua kunyesha ikaisha. Tulisema watu wake. Mume wangu ndiye aliyekuwa bingwa. Mkate wao aliuita sponji, na alikuwa akimwigiza jirani wa ghorofa ya pili anavyosalimia kwa nyusi, mpaka natokwa na machozi kwa kucheka. Mtu kama huyo, nilijiambia, hawezi kuwa na la kumpeleka popote siku ya mapumziko. Isipokuwa mtu.

Alhamisi iliyofuata nilimtegea. Alizoea kuamka tunywe chai pamoja, kisha eti anarudi kulala. Akiwa bafuni nilitandika kitanda, na chini ya blanketi nikalaza uzi mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu akijigeuza mara moja tu, uzi ule ungejikunja. Jioni nilipofunua blanketi ulikuwa umenyooka kama rula.

"Umelala leo?"

"Kama mtoto mchanga."

Alinijibu akinitazama usoni, na hilo ndilo lililonikata maini. Sikuwahi kujua kwamba anajua kudanganya.

Kuanzia hapo sikupitwa na kitu. Niliona anaacha sweta lake la kazi na kuvaa la kutokea. Niliona chupa ya chai imeoshwa na vikombe vyake viwili vimeoshwa, si kimoja. Nilimsikia akipiga mluzi akinyoa ndevu. Nilipokuwa nabadilisha zipu ya koti lake nikakuta mfukoni tiketi za basi, zote za njia moja hadi kituo cha mwisho, jina ambalo mimi nilikuwa nikilisoma tu kwenye paji la basi likinipita. Na siku moja simu yake ikawaka mezani yeye akiwa anaoga, ujumbe wa lugha ya hapa kutoka namba isiyo na jina. Lugha hiyo mimi nilijua ya kazini tu, sindano na vipimo na habari za asubuhi. Nikaunakili ujumbe herufi kwa herufi nyuma ya karatasi ya kukatia kola.

Kesho yake nikampelekea mpiga pasi wetu wa hospitali, mama mmoja wa kwetu aliyekaa huku miaka mingi kuliko mimi. Tulimwita Mama Mvuke. Aliisoma ile karatasi akiwa ameishika pasi mkono wa pili.

"Inasema Alhamisi usichelewe, maji yamepata joto."

Tukatazamana. Nilimsimulia yote, taulo, uzi, vikombe. Hakunipa pole. Aliniambia tu nisimuulize tena, kwa kuwa mtu ukimuuliza sana unamfundisha kujificha. Niende nikaone kwa macho yangu.

Nikaomba ruhusa ya siku moja kwa msimamizi, nikasema jino. Sikumfuata mume wangu; basi si mahali pa kumfuata mtu. Niliaga kama naenda kazini, nikapanda basi la kwanza la njia ile, nimtangulie.

Miaka saba nilikuwa nikijua nchi hii kwa urefu wa mitaa minne: nyumbani, dukani, hospitali, na ofisi ya vibali. Basi lilipopita hospitali bila mimi kushuka, nikainama kwenye kiti kama mtoro. Nyumba zikaanza kupungua. Kukatokea mashamba ya miti ya matunda iliyopandwa kwa mistari, kama mshono wa mtu makini. Farasi mweupe alisimama peke yake kwenye nyasi akitutazama kwa dharau. Jua likatoka katikati ya manyunyu, barabara yote ikang'aa. Nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kulia, na nje kulikuwa kunapendeza bila kujali hali yangu.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukingoni mwa ziwa, na duka moja la mikate likitazama maji. Niliingia nikakaa nyuma ya dirisha, kitambaa nimekivuta hadi kwenye nyusi. Muuzaji aliniletea chai na mkate uliotoka jikoni saa ile ile, siagi inateremka pembeni. Nilikula nikiwa namlaani mume wangu, nikajikuta nimeramba vidole. Haukuwa sponji hata kidogo.

Basi la pili likaja. Akashuka na begi begani, akamwambia dereva neno, dereva akacheka. Kisha akapita mbele ya dirisha langu akienda ufukweni, na mwendo wake sikuutambua. Nyumbani hutembea kama mtu aliyebeba jokofu. Pale alikuwa mwepesi.

Kwenye ubao wa kuingilia majini walikuwepo wazee wanne, watatu wanaume na mmoja mwanamke mwenye mvi na kofia ya kuogelea. Huyu? Nilimpima kwa macho toka juu hadi chini. Alikuwa na umri wa mama mkwe. Mume wangu aliwasalimia wote kwa lugha yao, na si ile ya kuokoteza niliyodhani anaijua, alikuwa anamwaga maneno. Wakavua, wakaingia majini. Mume wangu, mtu wa bara aliyekuwa akiogopa hata kivuko, alijilaza chali juu ya maji akaelea, macho yamefumbwa, mzee mmoja akimsaidia kwa kiganja chini ya mgongo.

Nilingoja mwanamke atokee. Nilitazama njia, nikatazama vichaka, nikamtazama hata muuzaji mkate. Nusu saa ikapita, hakutokea mtu. Basi nikatoka, nikaenda kusimama kwenye ule ubao na viatu vyangu vya kazi.

Aliponiona alizama, akaibuka akikohoa, akabaki amesimama na maji kifuani. Wale wazee wakajisogeza mbali kwa adabu.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Umemficha wapi?"

Niliona anatafuta uongo, kisha nikaona anauacha.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni hapa tu."

"Hapa ndiyo nini?"

"Hapa. Haya maji. Ile barabara ya kuja." Akajipangusa uso. "Nimeipenda hii nchi, mke wangu. Nilishindwa namna ya kukwambia."

Alitoka majini akajifunga lile taulo, tukakaa ukingoni, akaeleza. Miaka miwili nyuma alisinzia kwenye basi baada ya zamu, akaamka kituo cha mwisho cha njia nyingine huko kaskazini. Alipaswa kugeuza na basi lilelile, hakugeuza. Alitembea, akanywa supu mahali, akarudi na furaha asiyojua aiweke wapi. Tangu hapo Alhamisi zake alikuwa akipanda basi lolote hadi linapoishia. Alikuwa amefika vituo vya mwisho kumi na kimoja. Hapa ziwani alirudia, kwa sababu yule mzee aliyemshika mgongo, mstaafu wa posta, alijitolea kumfundisha kuogelea. Ujumbe ulikuwa wake. Kikombe cha pili pia.

"Na kwa nini mimi usiniambie?"

"Kila jioni tunaisema nchi hii pamoja," akasema. "Nikiacha, tutaongea nini?"

Ningejua la kumfanya mwanamke. Kwa hili sikujua. Mume wangu alikuwa amenidanganya miaka miwili si kwa kumtaka mwingine, bali kwa kuniogopa mimi na vicheko vyangu mezani. Tulirudi kwa basi moja tukiwa viti tofauti, na sikumsemesha hadi Jumapili.

Wala sikumwamini yote. Kumi na kimoja ni vingi. Katika kumi na kimoja mtu hakosi pa kuficha jambo. Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikapata Alhamisi, nikamwambia anipeleke kote alikosema amefika, kimoja baada ya kingine, nami nitakagua. Akakubali haraka mno, nikazidi kumshuku.

Kwenye kituo cha kaskazini nilimwacha nje nikaingia peke yangu kwa muuza supu, nikamuonyesha picha kwenye simu na kumuuliza, kwa lugha yangu ya sindano na vipimo, kama anamjua huyu na huwa anakuja na nani. Muuza supu aliniambia huja peke yake, hukaa pale, humwaga chumvi nyingi. Chumvi nyingi ni yeye. Kwenye kituo cha tano tulipanda kilima, na mlinzi wa mnara wa kale alimsalimia kwa jina la utani, Bwana Lifti, kwa kuwa kila akifika hulalamikia ngazi. Nilizidi kuuliza, na ili niulize ilibidi nijifunze maneno. Nikajiandikisha darasa la lugha la jioni. Nikamwambia mume wangu ni kwa ajili ya upelelezi, na nilikuwa nasema kweli.

Sijui ilikuwa kituo cha saba au cha nane niliposahau kupeleleza. Kulikuwa na soko dogo, na bibi mmoja mwenye meza ya vifungo vya zamani, vya mfupa, vya kioo, vya shaba, kila aina kwenye kikopo chake. Nilichambua vifungo vyake asubuhi nzima, akinieleza kila kimoja kilitoka kwenye koti la nani. Mume wangu alipokuja kuniita basi linaondoka, nilimwambia lipo la saa kumi.

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja mchana shemeji akapiga simu. Nyumba imeezekwa, alisema, imebaki milango. Tunakuja lini tuchague rangi ya mbao? Mume wangu alikuwa ameweka sauti ya simu juu. Akanitazama. Nilijua anachotaka kujibu na nilijua atakachojibu: mwakani, Mungu akipenda, kama kawaida yake. Alifungua mdomo, nikamtangulia.

"Shemeji, tia mpangaji."

Kisha shemeji akaniuliza, taratibu, nimemfanya nini kaka yake. Alisema tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi nami, kwamba mimi ndiye ninayemzuia huko, kwamba hata mama ameliona hilo kwenye sauti ya mwanawe, anaongea kama mtu aliyelishwa kitu. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu siku za kurudi. Nilimwangalia mume wangu nione kama ataniacha niubebe mzigo huu, kwa kuwa angeweza, na nyumbani wangemwamini.

"Ni mimi," akasema kwenye simu. "Usimsingizie mke wangu. Nilitaka kubaki kabla yake, na nilimficha hata yeye."

Shemeji akakata. Mama mkwe alikataa kuongea nasi mwezi mzima, na alipokubali aliongea na mwanawe tu, akimuuliza maswali ya mtego ajue kama akili yake imekamilika. Mimi aliniita kwenye simu mwishoni kabisa, akaniuliza kama huku kuna watu wa kunizika nikifa. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, lakini kuna bibi wa vifungo ambaye nikikosa wiki mbili hunitafuta. Akauliza huyo bibi ana umri gani na anaumwa nini, tukaongea magonjwa ya miguu hadi simu ikazima.

Chumba chetu kilikuwa na kuta nyeupe za mwenye nyumba. Miaka saba hatukupigilia hata msumari mmoja, kwa nini upigilie mahali unapoondoka? Wiki ile tukaenda kununua rangi. Mume wangu alitaka ya manjano, mimi nikataka ya udongo, tukabishana mbele ya muuzaji kwa lugha yake ili atuamulie. Alichagua ya manjano. Nilimtazama yeye, nikamtazama mume wangu, nikaona wamepeana jicho. Mpaka leo nashuku wale walikuwa wanajuana.