Nauli ya Mikumi

Siku ile mjinga alikuwa Lupakisyo, na mwenyewe hakatai. Mwanamume mzima, fundi bomba wa hoteli ya watalii Mikumi, kazibua vyoo vya wageni wa kila taifa, akashindwa kuziba mdomo wake.

Asubuhi hiyo meneja, Mama Magreth, aliwakusanya wafanyakazi kwenye bwalo, wa jikoni wakiwa bado na aproni zao. Alikuja afisa wa kodi, kijana mpole, kuwapa elimu. Aliwapa wakubwa shikamoo, wakaitikia marahaba, akafungua kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Feni zimening'inia tu, na hewa nzito.

Wengine walitaka amalize waondoke. Lupakisyo akanyoosha mkono. Yeye na Filomena wa jikoni wanakaa Magomeni, kule Kilosa, na kila siku hupanda gari mpaka Mikumi. Aliuliza, kwa kuwa bila nauli hafiki kazini, kwa nini nauli isiondolewe kwanza kwenye mshahara ndipo kodi ikatwe?

Afisa alisema swali ni zuri, ila sheria inahesabu safari ya nyumbani hadi kazini kuwa jambo binafsi la mfanyakazi.

"Binafsi?" Lupakisyo akageukia wenzake. "Mimi nikitaka kutembea naenda Morogoro, bosi. Siji Mikumi kutembelea choo."

Bwalo likacheka. Afisa naye akacheka, kisha akauliza, kama anayeulizia hali ya watoto:

"Pole, mzee wangu. Sasa mnamudu vipi?"

Filomena alimkanyaga mguu chini ya meza. Wapi. Sifa zilishampanda kichwani. Akaeleza jinsi Tabea, mfua mashuka, alivyodandia lori la mahindi ili abane nauli, akadondoka, na mpaka leo hajainuka kitandani. Tangu hapo Mama Magreth, Mungu ambariki, anawapa nauli mkononi kila Jumatatu.

Mama Magreth akainamisha macho. Afisa aliacha kutabasamu. Vidole vyake vikaanza kugonga kompyuta taratibu.

"Hiyo sijaiona kwenye malipo ya mishahara," alisema.

Kwa sheria, akaendelea, hela hiyo ni sehemu ya mshahara. Itakatwa kodi, na ya miezi iliyopita itafuatiliwa. Mama Magreth akasema pale pale, bila kumtazama mtu, kwamba basi kuanzia Jumatatu nauli hakuna.

Macho yote yakamgeukia Lupakisyo. Akaanza kubabaika kwamba yeye alitania, kwamba afisa afute. Afisa akamjibu kwa upole kuwa kilichoingia hakifutiki, na sheria haimwonei mtu.

Filomena akasimama, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu. Nikijilipia, ni mambo yangu binafsi. Nikilipiwa, ni mshahara. Sasa hiyo inakuwa nauli lini, nikishavunjika kiuno kama Tabea?"